Kabla au Baada? Viambishi vya Kiingereza Vinavyotaja Wakati

Watu wengi wanaojifunza Kiingereza hukariri orodha ndefu za maneno, wakasahau kutazama vipande vidogo vinavyotangulia maneno hayo. Walimu huviita vipande hivyo viambishi awali, na mara nyingi ndivyo vinavyoamua maana. Vingine hukanusha, vingine hutaja mahali, na vingine hutaja wakati. Yafaa tuvitazame hivi vya wakati, kwa kuwa mkulima au karani asiyevifahamu aweza kupata hasara kubwa.

Jambo hili si geni kwetu sisi tusemao Kiswahili. Tukisema "alipanda," "anapanda" na "atapanda," ni silabi moja tu iliyobadilika, nayo imetutoa jana ikatufikisha kesho. Sisi huitia silabi hiyo ndani ya kitenzi. Waingereza hubandika kipande chao mwanzoni mwa neno.

Viambishi vikuu ni viwili, navyo vyatoka katika Kilatini: "pre-," maana yake kabla, na "post-," maana yake baada.

Katika shamba

Mkulima atavikuta viwili hivi katika karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kuua magugu. Dawa iliyoandikwa "pre-emergence" hunyunyizwa kabla mimea haijachomoza. Hukaa katika udongo wa juu na kuyaua magugu yanapoanza kuota. Dawa ya "post-emergence" hunyunyizwa baada ya kuchomoza. Mkulima akichukua ile ya kwanza na kuinyunyizia magugu yaliyokwisha kusimama, mengi yatabaki yakimtazama, na fedha yake imekwenda. Tena asome vizuri kama maelezo yanataja kuchomoza kwa magugu au kwa mmea wenyewe, kwani dawa inayofaa kabla ya mahindi kuota yaweza kuyadhuru yakiisha kuota.

Karatasi hiyo yaweza pia kuwa na maneno "pre-harvest interval," yaani siku zinazopaswa kupita tangu kunyunyiza mara ya mwisho hadi kuvuna. Mwenye kuchuma sukuma wiki kabla ya siku hizo kutimia huwauzia watu mboga pamoja na sumu. Tena kuna "re-entry interval." Kiambishi "re-" maana yake tena, kwa hiyo ni muda wa kungoja kabla ya watu kuingia tena shambani. Hapo kipande cha herufi mbili chalinda afya ya watoto na vibarua.

Katika afisi

Karani naye hukutana na hundi iliyo "post-dated," yaani yenye tarehe ya siku ambayo haijafika. Mpokeaji hana budi kuingoja siku hiyo, na aliyekwisha kupanga kulipia karo kwa fedha hizo atafadhaika. Kuahirisha mkutano ni "postpone," yaani kuuweka baadaye. Umeme au simu iliyo "prepaid" hulipiwa kabla ya kutumiwa. Iliyo "postpaid" hulipiwa baadaye.

Kiambishi "ante-" pia maana yake kabla. Kliniki ya "antenatal" ni ya mama mja mzito, na ya "postnatal" ni ya mama aliyekwisha kujifungua. Msomaji asichanganye "ante-" na "anti-," ambayo maana yake ni kupinga. Kiambishi hicho kimo pia katika herufi a.m., kifupi cha "ante meridiem," kabla ya adhuhuri, p.m. ni "post meridiem," baada ya adhuhuri. Barua ikikuita 9 a.m., fika saa tatu asubuhi. Ikiandikwa 9 p.m., ni saa tatu usiku.

Vingine ni vyepesi. "Ex-" hutaja aliyekuwa na cheo zamani, kama "ex-chief," chifu wa zamani. "Mid-" ni katikati, kama "midnight," usiku wa manane. "Fore-" ni neno la asili la Waingereza wenyewe, nalo hutaja kinachotangulia: "forecast" ni utabiri, kama ule wa mvua.

Mitego

Si kila neno lianzalo kwa herufi hizo lina kiambishi. "Post office" si baada ya afisi, ni posta. Wala "press" haina habari ya kabla. Ondoa kipande cha mwanzo, kisha utazame kama neno linalobaki lina maana inayopatana na kiambishi.

Mtego mwingine ni "bi-," yaani mbili. "Biannual" ni mara mbili kwa mwaka, bali "biennial" ni mara moja kila miaka miwili. "Biweekly" yaweza kuwa mara mbili kwa juma au mara moja kila majuma mawili, na kamusi hukubali maana zote mbili. Ukiliona katika mkataba wa mshahara au wa kupeleka maziwa, uliza kabla ya kutia sahihi.

Msomaji mwenye bidii na achukue daftari, aandike "pre-" upande mmoja na "post-" upande wa pili, na kila alionapo neno jipya aliweke mahali pake. Maneno yatazidi kuongezeka bila ya kukaririwa, na chupa ya dawa haitafunguliwa kabla ya maelezo yake kueleweka.