Wakazi wa Matope Makavu

Konokono wa maji akikaukiwa na bwawa hafi mara moja. Hujichimbia kwenye matope, hujivuta hadi ndani kabisa ya gamba, na moyo wake hupiga polepole. Hali chochote, anaishi kwa akiba ya mwili. Usukumani, Tanzania, konokono aina ya Bulinus nasutus hukaa bwete hivyo kwenye malambo yanayokauka miezi kadhaa kila mwaka, na mvua zikirudi yumo tena. Vimelea vichanga vya kichocho vilivyomo ndani yake navyo husimamisha ukuaji, kisha huendelea pale vilipoachia.

Bunyakiri, katika teritwari ya Kalehe, Kivu Kusini nchini Kongo, mwenye bwawa la samaki ana sababu ya kulijua hilo. Huko mwenezaji ni Biomphalaria, konokono wa kichocho cha matumbo, ambaye watafiti wa kituo cha sayansi cha CRSN Lwiro wamemchunguza. Yeye havumilii ukame kama Bulinus, ila kulikausha bwawa siku chache, matope yangali na unyevu, hakummalizi. Niklosamaidi, dawa ya kuua konokono, hufanya kazi ndani ya maji. Kuinyunyiza juu ya matope makavu ni hasara tupu. Wakati wake ni maji yanaporudi, konokono wameamka lakini hawajazaana. Huua samaki pia, kwa hiyo hutiwa kabla ya vifaranga vya samaki.

Kwa baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes, kinacholala bwete ni yai. Hutagwa kwenye udongo wa mbuga na kungoja mafuriko, hata kwa miaka. Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilipatikana kwa mbu waliokuzwa kutoka viluwiluwi vya madimbwi ya mbuga hizo, dalili kwamba virusi hupitia yaini. Ndiyo maana mwaka 2006 picha za setilaiti za mvua na majani zilisaidia kutoa tahadhari kabla ugonjwa haujaripotiwa Garissa mwezi Desemba.

Sayansi ya msingi nayo imefaidika na ubwete huu. Katika matope ya Ziwa Naivasha, mayai bwete ya viroboto wa maji, Daphnia, yametuama tabaka juu ya tabaka. Vinasaba vyake vimeonyesha kwamba kiroboto kutoka Marekani aliingia katika karne ya 20, yamkini pamoja na samaki walioletwa kwa ajili ya wavuvi wa burudani, akamng'oa ndugu yake wa Afrika.