Chumba cha Watumwa Kilichohifadhiwa na Majivu

Katika mwaka 79 baada ya kuzaliwa Kristo, mlima Vesuvius katika nchi ya Italia ulilipuka, ukaufunika kwa majivu mji wa Pompeii na mashamba yaliyouzunguka. Huko mashambani matajiri wa Kirumi walikuwa na majumba makubwa, yenye vyumba vya fahari, maghala na mazizi.

Jumba mojawapo liko Civita Giuliana, kiasi cha meta 700 nje ya kuta za Pompeii. Mwaka 2021 wachimbaji waligundua hapo gari la fahari lenye magurudumu manne, na baadaye chumba kidogo cha watumwa.

Vitanda vya chumba hicho vilikwisha kuoza, lakini majivu yalipoganda yalihifadhi umbo lake kama kalibu. Wataalamu walimimina plasta ndani ya uwazi huo, nayo ilipokauka vitanda vitatu vilionekana, hata kamba zake. Viwili vina urefu wa meta 1.70; cha tatu ni meta 1.40 tu, na yamkini alikilalia mtoto. Pembeni palikuwa na mitungi ya akiba, na dirisha lilikuwa moja, dogo, tena juu.

Waandishi wa Kirumi waliyasifu sana mashamba yao, bali watumwa waliolima hawakuacha maandishi. Vitanda hivi ndivyo ushahidi wao. Kwa hiyo wezi wa vitu vya kale, waliochimba njia za siri chini ya jumba hilo, wameharibu habari zisizoweza kupatikana tena.