Sinema ya wamama

Tukisikia neno sinema hapa Bunia, wengi wetu tunaona kwanza ile nyumba ya mabati yenye jenereta inayolia, vijana wamejaa ndani wanatazama filme za kupigana, na mtoto anarudi nyumbani usiku bila kugusa daftari lake. Tumegombana nao juu ya jambo hilo, na kesho tutagombana tena. Lakini juma hili tunataka kuwasimulia mji ambamo sinema ilikuwa pia mambo ya wamama.

Mji huo ni Zanzibar. Tangu mwaka 1998 kuna tamasha la kimataifa la filme, linaloitwa ZIFF, na zawadi yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Filme zinaonyeshwa chini ya nyota, ndani ya Ngome Kongwe, karibu na bahari. Skrini zilipelekwa pia vijijini, Unguja na Pemba, na kulikuwa na mikutano ya wanawake kutazama na kuzungumza pamoja.

Kwa nini ngomeni, si katika jumba la sinema? Kwa sababu majumba yenyewe yalikufa. Jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na baadaye mahali pake pakajengwa Majestic. Siku ya Jumapili watu walivaa vizuri, wakajaa barabarani, na waliokosa tiketi walinunua kwa walanguzi kwa bei ya juu. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ili hata mama ambaye mume wake hakutaka achanganyike na wanaume apate kutoka nyumbani. Kisha ikaja televisheni, ikaja video, na milango ikafungwa mmoja mmoja.

Filme moja waliyoipenda sana ilikuwa Awara, ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, kutoka India. Mke wa jaji anatekwa na jambazi. Anaporudi ana mimba. Mume anasema mimba si yake, anamfukuza. Mtoto anazaliwa barabarani, anakua katika umaskini, anakuwa mwizi, na mwisho anasimama mahakamani mbele ya baba yake.

Tulipoisimulia hadithi hiyo siku ya posho, tukiwa tunachambua maharagi, mikono ilisimama. Hatuhitaji kwenda India. Kila mmoja wetu anamjua mwanamke aliyechukuliwa porini, akarudi, na akakuta mlango umefungwa na familia yake mwenyewe. Tunamjua pia mtoto wake, ambaye kwa kartie wanamwita jina lisilofaa. Juu ya mambo haya tunanyamaza kanisani, tunanyamaza sokoni, hata kati yetu wenyewe. Wamama wa Zanzibar walilia katika giza, bila mtu kuwauliza wanalia kwa nini.

Na Kongo yetu ina filme zake. Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alitoa Maman Colonelle mwaka 2017. Si hadithi ya kutunga. Inamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi, mama na mjane, aliyekuwa akilinda watoto na wanawake waliobakwa kule Bukavu, kisha akahamishiwa Kisangani. Kule anawakuta wamama walioumizwa katika vita vya mwaka 2000, ambao bado wanangoja mtu wa kuwasikiliza. Tunaona anavyochoka, anavyokasirika, anavyoomba msaada sokoni. Hakuna muujiza.

Ndiyo maana tumeongea na mwenye ukumbi mmoja wa video. Amekubali kutupa mchana mmoja kwa mwezi, wamama peke yetu, mradi tulipe mafuta ya jenereta. Wengine kati yetu wanaogopa: je, aliyepatwa na mambo hayo hataumia tena akiyaona? Ni swali la haki. Tumekubaliana kwamba kila mmoja ataelezwa mbele filme inahusu nini, mlango utabaki wazi, na wamama wawili watakaa nje kwa ajili ya yeyote atakayetoka.

Watoto wadogo tutawaacha kwa bibi. Viti havitoshi, kila mmoja aje na kigoda chake.