Kisangani: Lala Kabondo, Amka na Wavuvi wa Wagenia

Mtu wa pwani akisikia habari ya kwenda kutembea katika mji wa ufukweni, mawazo yake huenda Lamu, Malindi, Bagamoyo au Nungwi. Leo nampeleka kwingine: ndani ya bara, kilomita zisizofika 60 kaskazini ya mstari wa Ikweta, kwenye mji usio na bahari lakini wenye bandari, mitumbwi, misikiti, na Kiswahili kilichofika huko kwa miguu ya wapagazi waliotoka Unguja. Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa pale ambapo mto wenye maji mengi kuliko yote Afrika unamaliza kuporomoka na kuanza kutulia. Juu ya maporomoko unaitwa Lualaba. Chini yake ndio Kongo, na kuanzia hapo boti huteremka kilomita 1,734 hadi Kinshasa bila kukutana na poromoko hata moja.

Wageni wengi wanaofika hapa huukosa mji. Hushukia uwanja wa ndege wa Bangoka, hulala katika hoteli ya Makiso, mjini kati, hukodi gari saa sita mchana kwenda kwa wavuvi wa Wagenia, hupiga picha, na kesho yake wameshaondoka. Nasikitika kila nikiwaona, maana saa sita mchana wavuvi wengi wamekwisha kupanda kivulini. Mto wa Kisangani ni mahali pa kazi na una saa zake. Anayezifuata saa hizo ataona watu wakifanya jambo ambalo halifanyiki mahali pengine popote kwa namna ile. Anayefuata saa za hoteli ataona miti iliyosimikwa majini, basi.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni wa malazi: tafuta chumba Kabondo. Jiji lina komini sita, ambazo ni Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani yenyewe na Lubunga, na ni Lubunga peke yake iliyo ng'ambo, ukingo wa kushoto wa mto. Kabondo iko mashariki ya mjini kati na inapakana na komini ya Kisangani, upande waliko Wagenia. Si mtaa wa watalii hata kidogo. Ni nyumba za matofali na mabati, miembe, miparachichi na misafu uani, na barabara za udongo zinazoteleza mvua ikinyesha. Na mvua hapa hainyeshi kwa msimu kama pwani. Huja mwaka mzima, ikipungua kidogo Januari na Februari. Umeme hukatika, kwa hiyo beba tochi. Utakachopata badala ya mapambo ya hoteli ni jirani wa kukusalimia alfajiri na mtu wa kukuonyesha njia.

Toka kabla jua halijapanda. Kisangani ni saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, hivyo mgeni kutoka pwani huamka mapema bila taabu. Njiani utakutana na toleka, baiskeli ya kubeba abiria ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa teksi ya mji huu. Keria ya nyuma imefungwa mto wa sponji ulioshonewa kitambaa, na abiria hukaa akiwa ameshika tandiko la dereva kwa mkono mmoja na mzigo wake kwa mwingine. Vita vilipoukata mji na mafuta kukosekana, ni baiskeli hizi zilizosafirisha wagonjwa, wanafunzi, magunia ya mihogo na maharusi. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa, lakini ukiona toleka, panda. Mwendo wake unakuwezesha kuona, na pesa yako inaingia mfukoni mwa mtu aliyekaa mbele yako.

Salamu kwanza, bei baadaye. Mtu mzima ni "papa" au "mama", hata kama humjui. Aliyekuzidi umri kidogo ni "yaya". Kijana wa Kabondo akimkuta mzee mlangoni husema, "Jambo, papa," naye hujibiwa, "Jambo sana, mwanangu," ndipo mazungumzo yaanze. Utasikia Kiswahili na Lingala vikipokezana katika sentensi moja. Sema Kiswahili chako bila woga, utaeleweka.

Sasa Wagenia. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametawanyika katika mwendo wa kilomita 100 hivi kati ya Ubundu na Kisangani, na kwa jumla maji hushuka mita 60 hivi. Poromoko la saba, la mwisho, ndilo lililo mjini, na ndipo Waenya, ambao wengi huwaita Wagenia, wanapovua. Hakuna urefu wa kutisha hapa. Kilichopo ni upana, kishindo, na maji ya kahawia yanayokimbia juu ya mwamba yakitoa povu. Katika mwamba huo mna mashimo yaliyochongwa na mkondo wenyewe. Wavuvi husimika ndani yake magogo marefu, wakayaunganisha matatu matatu na kuyakaza kwa kamba za mitambaazi ya msituni. Hawatumii msumari. Kwenye jukwaa hilo huning'iniza migono mikubwa yenye umbo la pia, mdomo ukielekea juu mtoni, mipana kiasi cha mtu mzima kuingia. Dema la Mafia ni kikapu cha sokoni mbele yake.

Mara mbili kwa siku wavuvi hutoka kwenda kuitazama migono hiyo. Simama kando uangalie jinsi wanavyopita juu ya magogo yenye utelezi, miguu mitupu, maji yakinguruma chini yao, na jinsi mmoja anavyojitosa kumtoa samaki aliyenaswa huku wenzake wakiishikilia kamba ya mgono. Samaki wadogo hupenya na kwenda zao. Mgono hukamata wakubwa tu. Nauheshimu sana uvuvi huu. Mahali pengi mitoni na maziwani tunalia kwamba nyavu za matundu madogo zimemaliza vifaranga, na hapa pana watu ambao zana yao yenyewe huwaachia wadogo wakue. Ni elimu ya ukoo: kila familia ina sehemu yake ya mwamba, na mtoto wa Mwenya hujifunza kuogelea katika mkondo ule kabla hajaenda shule.

Kwa hiyo usikimbilie kamera. Onana kwanza na wazee wa kijiji, elewaneni malipo ya kutembea na ya picha kabla ya kushuka majini, na lipa bila kunung'unika. Wanaolalamika kwamba Wagenia "wanapenda pesa" wakumbuke kidogo tiketi wanayokata Ngorongoro. Hapa hakuna mnyama wala jengo la kuonyeshwa. Kinachotazamwa ni kazi ya watu na hatari wanayoibeba. Ukipewa nafasi ya kuvushwa kwa mtumbwi wa gogo moja, wapiga kasia wakiwa wima na wakiimba, kaa chini katikati, usisimame, na vaa jaketi la kuokolea maisha. Kama hakuna jaketi, baki ukingoni. Mkondo huu hauna msamaha kwa asiyezaliwa nao.

Ukiwa umekaa pale juu ya mwamba, kumbuka kwamba historia ya pwani yetu ilifika hapa hapa. Januari 1877 Henry Morton Stanley alipita kwenye maporomoko haya akiwa na msafara wa watu waliotoka Unguja, na mwaka 1883 akarudi kuweka kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa tayari ndiye mwenye nguvu katika nchi hii, na mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamteua kuwa wali wa Stanley Falls, yaani eneo hili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905 na aliacha tawasifu kwa Kiswahili, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Jamii za Waislamu wa Kisangani na Kiswahili cha Kabondo ni urithi wa njia ile ya misafara. Lakini njia ile ile ilipitisha pembe za ndovu mabegani mwa watu waliofungwa minyororo, na vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya babu wa hawa wanaokuvusha mtumbwi. Mtu wa pwani asije hapa akaona fahari ya lugha tu.

Mjini kati, Makiso, inatosha asubuhi moja. Tembea kando ya mto upite kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari, ukatazame bandari, kisha uulize ilipo posta. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliishi mji huu ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, akawa karani wa posta, na ni hapa alipokamatwa tarehe 1 Novemba 1959 baada ya machafuko yaliyofuata mkutano wa chama chake, MNC. Juni 2022 jino lake, mabaki pekee yaliyorudishwa na Ubelgiji, lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Ukija mwezi Juni utaukuta mji umebadilika sura kwa siku chache za kumbukumbu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili ya kigeni, yalipigana ndani ya jiji hili kwa mizinga. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba, shule, hospitali na makanisa, na raia kwa mamia waliuawa. Wenyeji wanavitaja kama Vita vya Siku Sita, na aliye na umri wa miaka 35 au zaidi anaweza kukuambia alijificha wapi. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, na mfuko wa kuwalipa waathirika una makao yake Kisangani. Fedha zimeshaanza kutoka, lakini bado wapo wazee wanaosubiri zamu yao. Usimchokonoe mtu kwa maswali. Akianza mwenyewe kusimulia, weka simu chini umsikilize hadi mwisho. Sidhani kuna jambo la maana zaidi mgeni anaweza kufanya katika mji huu.

Jioni rudi Kabondo ukale. Chakula cha hapa ni lituma: makemba, yaani ndizi za kupika, huchemshwa, zikatwangwa kwenye kinu zikiwa za moto hadi zinashikana, kisha zikafinyangwa madonge. Mama anayetwanga huchovya mkono majini kila baada ya donge ili lisinate. Unalila kwa sombe, yaani kisamvu kilichoungwa mawese, au kwa liboke, samaki aliyefungwa katika majani mapana ya msituni pamoja na chumvi, nyanya na pilipili, akaiva polepole juu ya makaa. Fungua majani mwenyewe. Ule mvuke wa kwanza ni nusu ya chakula. Omba ngolo, yaani kambare, kama wewe ni mgeni wa samaki wa mtoni, au mbenga kama huogopi miiba. Mpose, wale mabuu wanono wa mchikichi, huuzwa wakiwa hai kwenye beseni. Wakikaangwa vizuri ni watamu kuliko nyama nyingi nilizopewa hotelini.

Jumapili, baada ya ibada, familia hutoka kupunga upepo upande wa mto Tshopo, palipo na maporomoko na mtambo wa umeme. Bustani ya wanyama iliyo karibu iliumizwa na miaka ya vita. Nenda kwa ajili ya kivuli cha miti na watu, usiende kutafuta simba. Na hapo niseme jambo la lazima: usipige picha daraja, bwawa, bandari, uwanja wa ndege wala askari. Beba nakala za pasipoti na viza, na ukifika pita kwa maofisa wa uhamiaji, DGM. Dola hupokelewa, ila noti iliyochanika hata pembeni hukataliwa. Ulizia hali ya usalama kwa mwenyeji kabla ya kutoka nje ya mji, maana hubadilika.

Siku ya kuvuka kwenda Lubunga, panda mtumbwi wa abiria kama wanavyofanya wauza mboga. Ng'ambo ile ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko yote saba, nayo hukata Ikweta njiani. Usiitegemee kwa safari. Itazame, uzungumze na watu wa stesheni, urudi kabla giza halijaingia.

Aliye na siku mbili za ziada ateremke mto hadi Yangambi, kilomita 100 hivi magharibi. Njiani atapita Yakusu, ambako katika miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Clement Chesterman, aliwafunza vijana wa Kikongo kupambana na ugonjwa wa malale kijiji kwa kijiji. Yangambi penyewe ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza mwaka 1933. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa kituo hicho, walieleza jinsi mchikichi wa tenera unavyopatikana kwa kuchanganya aina mbili, na mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya ugunduzi huo hadi leo. Pana hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, na mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Andika barua au piga simu kituoni mapema kuomba ruhusa, kisha uende bandarini siku moja kabla kuulizia boti: huondoka zikijaa, na nahodha atakayekupa saa kamili ni nadra.