Pesa za wasio na kazi: Daftari lililomwokoa dada yangu Marekani

HAKUNA jambo linalovunja udugu upesi kama pesa zilizoahidiwa zisifike. Mnamo Mei 2020, sisi wa nyumbani tulikaribia kumkana dada yetu mkubwa aliye Marekani. Mama anaugua kisukari, na dawa zake za kila mwezi alikuwa akizilipia dada. Aprili ikapita bila senti. Mei ikaanza vivyo hivyo. Tulipompigia simu alijibu kwa mkato: "Hela za serikali bado. Nitatuma zikifika."

Hatukumwamini. Kwenye redio tulisikia kwamba kila aliyepoteza kazi Marekani anapewa dola 600 kila wiki juu ya malipo yake ya kawaida. Hizo ni zaidi ya Sh60,000! Kaka yangu alinong'ona kwamba dada amejaa maringo ya ng'ambo. Nami, kusema kweli, nilikubaliana naye.

Ilinichukua mwaka mzima kuelewa yaliyompata. Ninayasimulia hapa kwa kuwa familia nyingi za mjini zina mwana au binti huko, na wanafunzi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaota kwenda. Kadhalika, yapo mafunzo yanayomfaa hata asiyetoka Nairobi.

Dada alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Virusi vya korona vilipozuia safari mnamo Machi 2020, wageni walitoweka na hoteli ikafungwa. Kibarua kikaota nyasi. Wenzake wakamwambia aombe malipo ya wasio na kazi.

Mpango huo si wa jana. Ulianzishwa na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ambayo Rais Franklin Roosevelt aliitia saini mnamo Agosti 14, 1935. Wala si sadaka. Fedha zake hutokana hasa na kodi wanayotozwa waajiri, nazo hulipwa mtu aliyeachishwa kazi bila kosa lake, aliye tayari kufanya kazi nyingine na mwenye kibali cha kufanya kazi nchini humo. Asiye na kibali hapati kitu, hata akikatwa kodi miaka kumi. Mwanafunzi wa kigeni pia kwa kawaida hapati, kwa kuwa visa yake haimruhusu kuchukua kazi yoyote ile.

Serikali kuu huweka misingi, lakini kila jimbo lina afisi yake, fomu zake na kiwango chake. Mnamo 2020 malipo ya juu kabisa ya wiki katika jimbo la Mississippi yalikuwa dola 235, ilhali Massachusetts yalikuwa dola 823 hata kabla ya kuhesabu watoto. Katika majimbo mengi mtu hulipwa hadi wiki 26, lakini Florida ilikuwa wiki 12 tu. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akisikia "Marekani wanalipa kadha wa kadha," hana budi kuuliza kwanza: jimbo gani?

Foleni ya mamilioni

Dada aliwasilisha ombi lake mwishoni mwa Machi, wakati mbaya kuliko wote. Mwanzoni mwa mwezi huo maombi mapya kote nchini yalikuwa kama 211,000 kwa wiki. Katika wiki iliyoisha Machi 21 yaliruka hadi zaidi ya milioni 3. Wiki iliyofuata yalipita milioni 6. Mitambo ya majimbo ikalemewa. Gavana Phil Murphy wa New Jersey alilazimika kuwaomba hadharani wataalamu wanaojua COBOL, lugha ya tarakilishi iliyobuniwa mwaka 1959, wajitolee kusaidia. Huko Florida watu walipanga foleni barabarani kuchukua fomu za karatasi kwa sababu mtandao haukuwa ukifunguka.

Dada alijaribu usiku wa manane na alfajiri. Siku ya nne fomu ikakubali. Akashukuru Mungu, akaketi kungoja. Wiki mbili, tatu, sita. Kimya.

Kumbe tatizo lilikuwa jina! Kadi yake ya Hifadhi ya Jamii ina jina la baba. Hoteli ilimwandikisha kwa jina la mumewe. Tarakilishi ilipoona majina hayalingani ikaliweka ombi kando hadi athibitishe kwamba yeye ndiye yeye. Afisi hazikuwa zikishuku bure, kwani wezi wengi walikuwa wakiomba kwa majina ya watu wengine. Baadaye, mnamo 2023, Afisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba wizi katika malipo hayo ya wakati wa korona ulifika kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135.

Ilani ya kumtaka apeleke stakabadhi haikuja kwa posta alivyotarajia. Iliwekwa katika akaunti yake mtandaoni, mahali ambapo hakuwa amebonyeza hata siku moja.

Alifanya jambo moja la busara, hata hivyo. Huko, kuomba mara moja hakutoshi. Kila wiki mtu hujibu maswali: Je, uliweza kufanya kazi wiki hii? Ulikataa kazi yoyote? Ulipata mapato yoyote? Wengi walipoona pesa haziji waliacha kujibu, wakapoteza wiki hizo. Dada hakuacha. Kisha akanunua daftari la kawaida la mwanafunzi na kuandika humo kila kitu: tarehe, saa aliyopiga simu, muda aliongoja, jina la aliyemjibu na alichoambiwa.

Siku moja katikati ya Juni pesa za wiki 10 ziliingia kwa mpigo. Malipo yake ya jimbo yalikuwa dola 260 kwa wiki, na pamoja na nyongeza ya dola 600 yakawa dola 860. Wiki 10 zikawa dola 8,600. Alilipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu iliyolimbikizana, akalipa madeni ya chakula, akamtumia Mama dawa za miezi minne. Sisi tulishangilia. Hatukuuliza alikuwa akila nini kuanzia Aprili.

Nyongeza yageuka upepo

Hapo ndipo wengi walipoteleza. Dola 860 zilizidi hata mshahara wake wa hotelini, uliokuwa dola 520 kwa wiki. Nyumbani tukaanza kupanga. Kaka akataja mtaji wa duka. Mimi nikataja karo ya chuo.

Lakini sheria iliyoleta nyongeza hiyo, iliyotiwa saini Machi 27, 2020, ilikuwa na tarehe ya mwisho: Julai 31. Na kwa kuwa wiki za malipo huhesabiwa hadi Jumamosi, wiki ya mwisho kulipwa nyongeza ilikuwa ile iliyoisha Julai 25. Ghafla dada akarudi dola 260. Kodi ya nyumba haikushuka.

Mnamo Agosti 8 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kutoa dola 300 kwa wiki kutoka hazina ya majanga. Zilitosha wiki sita tu, kuanzia ile iliyoisha Agosti 1 hadi ile ya Septemba 5. Isitoshe, zilihitaji mitambo mipya, na aliyekuwa akilipwa chini ya dola 100 na jimbo lake hakuhesabiwa. Dada alizipata Oktoba, dola 1,800 kwa pamoja, wakati wiki zenyewe zilikuwa zimekwisha kitambo.

Mwishoni mwa Septemba wiki zake 26 za jimbo zikaisha. Kulikuwa na wiki 13 za ziada kutoka serikali kuu, lakini katika jimbo lake ilibidi aziombe upya. Akakaa tena siku 24 bila kitu. Wiki hizo za ziada zikafikia ukomo Desemba 26. Siku iliyofuata sheria mpya ikatiwa saini, ikaongeza wiki 11 na kurudisha nyongeza, safari hii ya dola 300. Sheria nyingine ya Machi 2021 ikaisogeza hadi Septemba 6, 2021, ingawa magavana wa majimbo yapatayo nusu waliikatiza mapema, kuanzia Juni.

Hebu hesabu, msomaji: dola 860, kisha 260, kisha sufuri, kisha 260 tena, kisha 560. Yote hayo katika miezi kumi. Nani awezaye kupanga bajeti ya nyumba kwa mapato kama hayo, sembuse ya nyumba mbili, moja huko na nyingine huku?

Ajabu ni kwamba Wakenya walio ng'ambo hawakutuacha. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zaonyesha kwamba mwaka huo wa 2020 walituma nyumbani dola bilioni 3.09, kutoka bilioni 2.8 mwaka 2019, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Marekani. Hatujui ni ngapi kati ya hizo zilitumwa na watu waliokuwa wakiruka mlo.

Barua ya deni

Mnamo Aprili 2021 hoteli ilimwita dada afanye kazi siku mbili kwa wiki. Huruhusiwa kufanya hivyo na bado ukalipwa sehemu, mradi useme ukweli. Dada alisema ukweli, ila aliandika mapato katika wiki aliyopokea hundi. Kanuni ilitaka aandike katika wiki aliyofanya kazi, na aandike kiasi kabla ya makato.

Mwezi Julai ikaja barua: amelipwa zaidi, arudishe dola 740. Alilia. Rafiki yake mmoja alimshauri aitupe, eti serikali itasahau. Serikali haisahau. Deni kama hilo laweza kukatwa katika malipo yajayo au katika marejesho ya kodi.

Hapo lile daftari likafanya kazi. Barua ilieleza muda wa kukata rufaa, nao katika majimbo mengi si mrefu. Dada alikata rufaa mapema, akaambatisha karatasi zake za mishahara na nakala za kurasa za daftari. Kesi ilisikizwa kwa simu, chini ya saa moja. Uamuzi ulipokuja, deni lilikuwa limeshuka hadi dola 185, na akaruhusiwa kulilipa kidogo kidogo.

Kulikuwa na mtego mwingine: kodi. Malipo hayo hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na aliyekataa kukatwa asilimia 10 mapema huenda akadaiwa baadaye. Kwa bahati nzuri, sheria ya Machi 2021 ilisamehe dola 10,200 za kwanza za mwaka 2020 kwa waliokuwa na mapato ya chini ya dola 150,000. Msamaha huo ulikuwa wa mwaka huo mmoja.

Mafunzo

Nimemwuliza dada angemwambia nini mtu anayeanza safari hiyo leo. Alinijibu kwa mpangilio, kama anayesoma kutoka lile daftari.

Kwanza, omba wiki ileile unayoachishwa kazi, na jina kwenye fomu lilingane na la kadi yako. Sisi Wakenya wenye majina matatu na manne tujihadhari zaidi. Pili, jibu maswali ya kila wiki hata kama hujaona senti, na ufungue akaunti yako kila siku. Tatu, kila barua ina tarehe, na tarehe ikipita haki nayo hupita. Nne, nyongeza ya muda si mshahara. Panga maisha kwa kile kiasi kidogo cha msingi, na kingine kiwe cha madeni na akiba. Tano, waambie wa nyumbani ukweli mapema.

Hilo la tano alilisema akinitazama kwenye simu. Nikainamisha kichwa.

Huku kwetu mambo ni tofauti, maana mfanyakazi wa Kenya aliyeachishwa hutazamia zaidi haki zake kwa mwajiri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chasema kwamba anayepunguzwa kazini kwa sababu nafasi yake imeondolewa apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, alipwe siku zake za likizo, na apate fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Ni wangapi waliowahi kuweka barua ya kuajiriwa mahali wanapoweza kuiona? Ni wangapi hutunza karatasi za mishahara? Daftari la dada lingefaa Industrial Area kama lilivyofaa ng'ambo.

Mama alipoelezwa habari yote, hakusema mengi. Aliomba simu, akamwuliza dada: "Mwanangu, ile Mei, ulikuwa ukila?" Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema kanisa lao lilikuwa likigawa unga na maharagwe kila Jumamosi.

Siku hizi dada ana kazi ya kudumu. Pesa zikichelewa, hatuulizi tena kwa nini hajatuma. Tunauliza kwanza hali yake.