Damu katika chuchu: Picha moja haitoshi

NILIDHANI ni wino wa kalamu nyekundu. Doa lilikuwa upande wa kulia wa nguo yangu ya ndani, dogo kama punje ya mtama. Siku ya tatu lilirudi, na wiki hiyo sikuwa nimesahihisha daftari hata moja.

Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, Tabora. Nilirejea Burundi mwaka 2008 na sasa nafundisha Makamba. Rafiki yangu anayepitisha mawese pale Mugina aliniambia: "Mwalimu, ziwa hilo limeingiliwa na jicho la mtu. Tafuta dawa ya kienyeji." Nilikaa wiki sita nikificha, hata mume wangu hakujua.

Mwishowe nilivuka Manyovu, nikapita Kigoma hadi Mwanza. Daktari aliniuliza: Yanatoka yenyewe au ukikamua? Ziwa moja au yote mawili? Tundu moja la chuchu au mengi?

Yakitoka yenyewe, ziwa moja, tundu moja, tena yakiwa na damu au maangavu kama maji, lazima yachunguzwe. Maziwa yanayotoka pande zote mbili kwa asiyenyonyesha, mara nyingi chanzo chake ni homoni au dawa anazotumia.

Kwa kuwa nimepita miaka 40, nilianza na mamografia, yaani eksirei ya matiti. Msichana wa chini ya miaka 30 huanza na ultrasaundi. Ziwa hubanwa kati ya mabamba mawili kwa sekunde chache, linauma kidogo. Picha ilitoka safi, nikachukua mkoba wangu niondoke.

"Dada, kaa kwanza," daktari alinizuia. "Kinyama kilicho ndani ya mrija huweza kuwa kidogo mno, eksirei isikione."

Ultrasaundi ilionyesha mrija uliotanuka nyuma ya chuchu, na ndani yake kiuvimbe. Kama nayo isingeonyesha kitu, ingebaki MRI, ambapo dawa hupitishwa mshipani, au picha ya mirija. Katika picha hiyo, dawa huingizwa kwa kisindano butu kwenye tundu linalotoa majimaji, kisha eksirei hupigwa. Haiwezekani kama siku hiyo hakuna tone, hivyo usijikamue nyumbani.

Hata hivyo, picha peke yake haithibitishi saratani. Nilichomwa sindano ya kuchukua kipande cha nyama kikapimwe. Jibu: papiloma, uvimbe usio wa saratani, ambao ndio chanzo cha mara kwa mara cha damu ya namna hii. Mrija ukaondolewa kwa upasuaji mdogo.

Ndugu msomaji unayevuka mipaka, tunza picha zako na uzibebe, maana daktari wa upande wa pili atazilinganisha na mpya. Nanyi wanaume, chuchu ikitoa damu msione haya, nendeni hospitali.

Niliporudi nilimsimulia rafiki yangu wa Mugina. Alinyamaza, kisha akasema lake lina mwaka mzima. Wiki ijayo tunavuka pamoja.