Paa la Baiskeli Tatu

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape kisa cha mzee mmoja wa Usukumani aliyeuza baiskeli zake zote ili aezeke nyumba.

Msidhani baiskeli zamani ilikuwa kitu cha kuchezea. Mkulima wa pamba akishalipwa, alikuwa anaota Raleigh, baiskeli nyeusi iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Breki zake zilivutwa kwa fimbo za chuma. Taa yake ilipata umeme kwenye dinamo, kidude kinachozungushwa na tairi: ukikanyaga pedali inawaka, ukisimama umebaki gizani. Mzee wetu alikuwa nayo, akaongeza na Phoenix mbili za kutoka Shanghai, China. Alizipangusa kwa mafuta mpaka spoki zikameremeta, na ole wake mtoto aliyegusa kengele!

Nyumba, lakini, ilikuwa inavuja. Paa la nyasi hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na mbuga walikokata nyasi ndefu zilikuwa zimelimwa. Mvua ikianza usiku, sufuria zote zilihamia chumbani.

"Si uuze ng'ombe?" majirani wakamuuliza.

Akakataa. Ng'ombe huzaa. Baiskeli iliyotundikwa stoo, huku magoti ya mwenyewe yakigoma, inazaa kutu tu. Mimi nampa haki, ingawa wanawe walinuna wiki nzima.

Sasa sikilizeni ujanja wake. Kabla ya kumwita mnunuzi yeyote, alikwenda dukani kuuliza bei ya bati. Akaonywa mapema kuhusu geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Wengi huibiwa hapo, wakidhani kubwa ndiyo bora. Basi mnunuzi wa baiskeli akitaja shilingi, mzee anauliza, "Hizo ni bati ngapi?" Maana angefikiria shilingi, angekumbuka safari zote alizosafiri na ile Raleigh, na asingeuza kamwe.

Phoenix mbili zikalipa mbao, misumari na fundi. Raleigh ikachukuliwa na muuza mkaa, aliyeitikisa fremu, akaridhika kwamba itabeba magunia. Hiyo ndiyo iliyoleta bati.

Fundi aliwaruhusu watoto wampelekee misumari. Wakaona kwamba haipigwi kwenye bonde la bati, maana ndimo maji yanamopita. Hupigwa mgongoni, penye mwinuko. Jiko halikufikiwa na bati. Mama mwenye nyumba akasema afadhali, bati lingempikia yeye pamoja na ugali.

Na mzee? Siku ya mnada anapanda bodaboda, na kila mara anagombana na kijana kuhusu nauli, akimwambia zamani njia hiyo aliipita bure.